Vali Yangu Sikuibadilisha: Nimepasuliwa Moyo Nairobi, Haya Ndiyo Niliyoyaona

Kazi yangu ni ushonaji. Nina cherehani tatu Pumwani, hatua chache kutoka soko la Gikomba, na wateja wangu wengi ni maharusi na mama zao, watu wasiosamehe mshono uliopinda. Basi msishangae nikiikagua huduma ya upasuaji wa moyo kama ninavyokagua gauni lililotoka kwa fundi mwenzangu: kitambaa, uzi, vipimo, halafu namna mteja alivyosemeshwa pale mezani. Hospitali sitaitaja. Iko hapa hapa Nairobi, mengi waliyonifanyia yalikuwa mazuri, na moja lilinitoa machozi kuliko kisu chenyewe.

Nianze na mkono wa nguo. Tangu niko msichana, blauzi ya dukani haijawahi kunifika kwenye kifundo cha mkono. Nikijishonea huongeza inchi tatu. Nyumbani tulihesabu kuwa ni urefu wa ukoo, maana kaka yangu naye alikuwa hivyo hivyo, kila mlango anauinamia. Akaanguka uwanjani akicheza mpira, ana miaka 31, na hospitali alifikishwa maiti. Watu walisema moyo, wengine wakasema jicho. Tukazika, tukanyamaza.

Mwaka juzi nikaanza kuhema nikipandisha jora la kitambaa ghorofani. Nikasingizia vumbi la pamba. Daktari wa kliniki ya mtaa alinisikiliza kifua, akanyamaza, akarudia tena palepale. Kisha akaniambia nikunje kidole gumba ndani ya ngumi: ncha ikatokeza upande wa pili. Akaniambia nijishike kifundo cha mkono kwa gumba na kidole cha mwisho: vidole vikapishana. Nilidhani ananichezesha. Ndipo akauliza, "Mama, kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla?"

Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na skani ya CT zikatoa jibu. Mzizi wa aota, yaani pale mshipa mkuu unapotokea moyoni, ulikuwa na upana wa milimita 52. Kwa watu wazima wengi haufiki 40. Hali yangu inaitwa Marfan, mtu huzaliwa nayo, na kazi yake ni kulegeza nyuzi zinazoushika mwili: viungo, macho, na kuta za mishipa. Kwa wengine daktari anaweza kungoja mpaka milimita 55 ndipo apasue. Sisi wa Marfan hatungojwi, ikifika 50 tunaitwa, kwa kuwa mshipa wetu huchanika mapema. Kuchanika sikuhitaji kutafsiriwa. Nimeona hariri iliyovutwa ikaachia yenyewe, kwa mstari mmoja, bila mkasi.

Mpasuaji wa kwanza niliyemwona alinipa dakika kumi. Akasema mzizi utolewe pamoja na vali, yaani kile kilango kinachozuia damu isirudi moyoni, niwekewe mrija wenye vali ya chuma. Sina ugomvi na njia hiyo. Inaitwa Bentall, kwa jina la mpasuaji wa London aliyeieleza mwaka 1968, na imeokoa watu wengi sana. Tatizo langu lilikuwa linalokuja baadaye. Vali ya chuma inataka dawa ya warfarin maisha yote, damu isigande juu yake. Warfarin inataka kupimwa kila baada ya muda, kipimo kinaitwa INR, na mara nyingi wanataka kikae kati ya 2 na 3. Kikishuka, damu inaganda na kiharusi kinakunyemelea. Kikipanda, unavuja.

Sasa nitazameni mimi. Sindano hunichoma mara kumi kwa siku, mkasi sisemi. Halafu kuna sukuma wiki. Mboga za majani zina vitamini K, na vitamini K ndiyo inayoshindana na warfarin. Si kwamba umekatazwa kuzila, bali ule kiasi kilekile wiki hadi wiki. Nani Nairobi hula sukuma kwa kiasi kilekile? Tarehe 3 tunakula nyama, tarehe 25 ni sukuma asubuhi na jioni. INR yangu ingefuata mshahara wa mume wangu.

Kuna vali za mnyama pia, za ng'ombe au nguruwe, ambazo kwa kawaida hazikufungi na warfarin ya maisha. Kuhusu nguruwe nilimwendea sheikh wa msikiti wetu, naye akanijibu kwa maneno machache kwamba dharura huhalalisha, nisijitese. Lakini vali hizo huchakaa, nyingi baada ya miaka kumi hadi kumi na tano, na kwa mwili wa kijana huchakaa upesi zaidi. Nina miaka 38. Kifua kifunguliwe tena nikiwa na 50 na kitu?

Aliyeniokoa kwenye mawazo haya hakuwa daktari hata. Ni kijana wa eko. Alikuwa anafuta ile jeli kifuani pangu akasema, kama mtu anayesema peke yake, "Vali yenyewe nzuri tu, ila imevutwa." Nikamwambia arudie. Akaogopa, akasema nimuulize daktari. Maneno hayo nikayabeba kama risiti mpaka kwa mpasuaji wa pili.

Huyu wa pili ndiye ninayempa nyota zote. Aligeuza karatasi akachora. Vali ya aota ina vipande vitatu vyembamba vinavyofungua na kufunga kila moyo unapopiga. Vipande vyangu vilikuwa vizima. Kilichoharibika ni ukuta vinaposhikiliwa: umetanuka, vikawa havikutani katikati, damu inarudi nyuma. Nikamwambia, "Daktari, hiyo ni kola. Kola ikilegea vifungo havikutani, lakini vifungo havina kosa." Akacheka, akasema hiyo ataiiba.

Akafungua droo akanitolea mrija wa mfano. Jamani, ni kitambaa! Poliesta, ile wanayoiita Dacron, imefumwa na kukunjwa pleti ndogo ndogo kuzunguka pande zote. Nikauvuta. Kwa urefu unanyooka, kwa upana haukubali, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nikausugua kati ya vidole: mgumu kidogo, pumzi haipiti, kwa kuwa hupakwa jelatini au kolajeni damu isichujike kwenye nyuzi. Uzi wenyewe wa kushonea una sindano mbili, moja kila ncha, zote zimepinda kama mwezi mchanga, ili fundi ashone kulia na kushoto kutoka kituo kimoja. Miaka ishirini nashona na sikuwahi kuwaza uzi wa sindano mbili.

Kazi, alivyonieleza, ni hii. Ukuta uliotanuka unakatwa na kutupwa, vipande vya vali vinaachwa vimesimama kwenye ukanda mwembamba wa nyama yake. Mrija wa kitambaa unavishwa juu yake kama soksi, unashonwa chini ya vali, kisha vali inashonwa upya ndani ya mrija, urefu ukipimwa ili vile vipande vitatu vikutane sawasawa. Mishipa miwili inayoulisha moyo wenyewe hukatwa ikiwa na kiduara cha ukuta kuizunguka, halafu inashonwa kwenye matundu yaliyotobolewa kwenye mrija. Viduara hivyo wapasuaji huviita vifungo. Vifungo! Nilijua nimefika duka langu.

Njia hii ilielezwa mwaka 1992 na Tirone David, mpasuaji mzaliwa wa Brazil aliyejijengea jina Toronto, Kanada. Kabla yake Magdi Yacoub, Mmisri aliyejijengea jina Uingereza, alikuwa tayari anaacha vali za wagonjwa kwa namna yake tofauti kidogo. Daktari alilitaja jina la Yacoub kwa heshima ya mwanafunzi, akaniambia mzee huyo alirudi kwao akajenga kituo cha moyo Aswan. Nilipenda kusikia hivyo. Mgonjwa anapenda kujua kazi anayofanyiwa ina ukoo.

Halafu akaniambia jambo lililonifanya nimwamini: hatoi ahadi. Karatasi ya ridhaa ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, kuihifadhi vali yangu. La pili, ikiwa kifua kiko wazi na wameona vipande vina matundu au vimenyooka mno, wataweka ya chuma, na itakuwepo pale chumbani, ndani ya boksi lake, tayari. Nikatia sahihi zote mbili. Fundi anayekuambia mapema kwamba kitambaa kinaweza kukataa ndiye wa kumwachia kitambaa.

Maandalizi nayapita haraka. SHA, bima ya afya ya serikali, ililipa sehemu yake baada ya kibali kuchelewa, sehemu nyingine tukafanya harambee kwenye kikundi cha WhatsApp, na dada yangu alikuwa akisoma michango ya M-PESA kwa sauti kama matokeo ya uchaguzi. Walitaka watu wa kutoa damu. Wakaja akina mama wa chama chetu na vijana wa boda wa pale stendi, wawili wakarudishwa kwa kuwa wao wenyewe walikuwa na upungufu wa damu. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Siku yenyewe naikumbuka mpaka kwenye taa za dari. Mengine nilisimuliwa. Upasuaji ulichukua muda wa saa sita. Mashine ilishika kazi ya moyo na mapafu, moyo ukasimamishwa kwa baridi na dawa yenye potasiamu, na kabla ya kunifunga walipitisha kamera ya eko kooni kutazama vali ikifanya kazi. Inavuja? Kidogo sana, kiasi wanachokikubali. Boksi la vali ya chuma halikufunguliwa. Likumbukeni boksi hilo.

Nilipozinduka kwenye chumba cha wagonjwa mahututi nilikuwa na bomba kooni, siwezi kusema, na kiu ambayo hata Ramadhani ya jua kali sijaiona. Sista wa usiku, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alinilowesha midomo kwa pamba na kunishika mkono. "Usipigane na mashine, mwanangu. Iache ipumue, wewe pumzika." Akaniwekea alama: nikibonyeza mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Tuliongea hivyo usiku kucha. Kwa huyo peke yake ningeandika ukurasa mzima, ila najua angeona haya.

Sasa mto. Mfupa wa kifua ukishapasuliwa hufungwa kwa nyaya za chuma (picha ya eksirei ilinionyesha zangu saba, zimesokotwa vizuri), na wiki sita hadi nane huruhusiwi kunyanyua kitu kizito wala kujisukuma kwa mikono. Ukikohoa, unakumbatia mto kwa nguvu kifua kisitikisike. Na lazima ukohoe, lazima uvute pumzi kwa kile kichupa cha mipira mitatu, mapafu yasisinyae wala kujaa makohozi. Wazo zuri. Mto wenyewe aibu tupu: mshono wa mashine umeachiwa nyuzi ndefu, siku ya pili ukafumuka, sponji ikaanza kunitazama. Niliomba sindano na uzi, sista akakataa kunipa kitu chenye ncha kitandani. Niliporudi nyumbani, mikono ilipopata ruhusa, nilishona mito sita ya drili, mshono mara mbili, nikaipeleka wodini. Nasikia mmoja umeshaibiwa, nikaona ni sifa.

Kovu langu nimelikagua kwa kioo. Mshono wa kuficha, uzi haukuonekana nje hata kidogo, sentimita 19, umenyooka. Chini kabisa karibu na tumbo kuna mahali pamekunjamana, hapo nadhani ndipo fundi mdogo alipoachiwa amalizie.

Mpaka hapo nyota tano. Sasa tushuke kwenye kaunta.

Siku ya kuruhusiwa, Ijumaa, mume wangu akaletewa bili yenye mstari mmoja mnene umeandikwa vifaa vya upasuaji. Nikamwambia asilipe mpaka vifaa vitajwe kimoja kimoja. Keshia akakunja uso, lakini karatasi nne zikaja. Ukurasa wa tatu: vali ya aota, ya chuma, moja. Ile ya kwenye boksi! Boksi halikufunguliwa, na mimi nalipishwa. Tulikaa hapo kuanzia saa nne asubuhi hadi Jumamosi mchana, kitanda kikihesabiwa, mpaka msaidizi wa daktari aliposhuka mwenyewe akasema vali imerudi stoo. Wakaifuta. Hakuna aliyesema pole. Teksi ya kurudi nyumbani ilipita polepole, nimekumbatia mto wao uliofumuka, na kila tuta la barabara ya General Waruinge nililihesabu kwa mifupa.

Kumbe kosa lilikuwa limeshazaa. Wiki ya sita jino likaniuma. Sista alikuwa amenionya kwamba mtu mwenye kitu kipya moyoni asichezee meno, nimwambie daktari wa meno kila kitu, na huenda nikahitaji antibiotiki kwanza. Nikaenda Eastleigh na barua yangu ya kutoka hospitali. Daktari wa meno akaisoma, akanitazama juu ya miwani: "INR yako iko wapi?" Nikasema situmii warfarin. Akaanza kunigombeza kama mtoto. Mtu amewekewa vali ya chuma na hatumii dawa, unataka kufa? Nikamwambia vali yangu ni yangu. Akanigeuzia barua. Imeandikwa, kwa chapa, kwamba nimebadilishwa vali ya aota.

Hapo ndipo nililia. Si kwa jino. Nilifikiria nikianguka Gikomba, nikakimbizwa kwenye dharura ya hospitali yoyote, wasome ile karatasi. Watapima INR, wataikuta 1 kama ya mtu yeyote, wataamini nimekosa dawa na vali iko karibu kuganda, na watanijaza dawa za kuyeyusha damu kwa ajili ya chuma ambacho hakimo mwilini. Neno moja tu kwenye fomu.

Nikarudi hospitali. Ofisi ya rekodi ikasema njoo Jumanne. Jumanne wakasema daktari hayupo. Dada wa kaunta, mpole kabisa, akaniuliza, "Lakini mama, kuhifadhi na kubadilisha si ni kitu kimoja tu?" Nikamuuliza, mtu akikuletea gauni umpunguzie kiuno, ukampa gauni jingine, ni kitu kimoja? Akasema hawana nafasi hiyo kwenye orodha ya kompyuta. Upasuaji wa vali ya aota una mstari mmoja, nao unasema kubadilisha. Siku kumi na tisa, safari tatu, jino likipiga ngoma. Mwishowe daktari wangu alinikuta kwenye korido, akasoma barua, akaitoa kalamu mfukoni na kuandika upya kwa mkono, aina ya upasuaji, ukubwa wa mrija, kwamba vali ni ya mgonjwa mwenyewe na warfarin haihitajiki. Akagonga muhuri. Karatasi hiyo nimeipiga lamini na nakala iko kwenye simu ya mume wangu.

Ukipasuliwa hivi, barua yako isome kabla ya kuvua gauni la hospitali. Na kabla ya hapo kabisa, ukiambiwa vali ibadilishwe, muulize daktari swali langu: vipande vyenyewe vimeoza au vimevutwa tu? Kuna wenye vali zilizoganda kwa chokaa au zilizokunjwa na homa ya baridi yabisi, hao mara nyingi haihifadhiki, na ya chuma ni rehema kwao. Lakini swali ni la bure. Uliza pia mpasuaji amefanya ngapi za aina hii. Wangu hakukasirika.

Miezi kumi na minne sasa. Natumia losartan, dawa ya presha, na kidonge cha kupunguza mapigo, eko mara moja kwa mwaka, maana mshipa uliobaki juu ya kitambaa bado ni wa Marfan na unaweza kutanuka nao. Eko ya mwisho: kuvuja kidogo sana, kama siku ile ya kwanza. Hakuna mlio wa saa kifuani, na sukuma nakula kwa kadiri ya mfuko. Marfan humpata kila mtoto kwa nusu kwa nusu, kwa hiyo wanangu wawili wamepimwa. Binti ni salama. Mvulana mikono yake imeanza kuzidi shati la shule, na jina lake liko kwenye kitabu cha kliniki, arudi Januari.

Kliniki ya marudio ni siku moja kwa wiki. Fika kabla ya saa moja asubuhi, beba chai na mahamri, utatoka saa saba ukibahatika. Mara ya mwisho kijana wa mapokezi alifungua faili langu kwenye kompyuta akasoma kwa sauti: mgonjwa wa vali ya chuma. Nikamwonyesha karatasi ya lamini. Akaisoma yote, akakubali kabisa, akasema yeye hawezi kubadilisha, nirudi Jumanne.